Kuvusha gari kwenda Pemba likizo ya mwezi wa sita: ratiba hii ataiweza mtu mzima?

Mama Yussuf (Fuoni)

Asalaam alaykum wenzangu,

Skuli zikifungwa tumekusudia kwenda Pemba wiki moja, mwishoni mwa mwezi wa sita kuingia wa saba. Safari hii tunataka kuivusha gari yetu wenyewe, Toyota Noah, badala ya kwenda kwa boti kisha tukahangaika na gari za abiria kule. Tutakuwa sita: mimi, baba watoto, watoto watatu na mama yangu mzazi.

Mama ndiye sababu ya safari yote. Kazaliwa Kengeja, kusini ya Pemba, kaolewa Unguja, na tangu baba afariki hajavuka bahari. Magoti yanamsumbua, ngazi zinampa tabu, lakini kumbukumbu zake timamu kabisa. Jioni tukikaa barazani ananitajia watu wa kwao, nani mtoto wa nani, nani kamuoa nani, kisima kipi kilikuwa na maji matamu, na mzambarau waliokuwa wakiuparamia wakitoka chuoni kusoma Kurani. Nataka avione tena akiwa na nguvu za kuviona.

Ratiba niliyochora ni hii. Tukishuka bandari ya Mkoani tunakwenda moja kwa moja Chake Chake, tunapanga hotelini na hapo ndipo kambi yetu wiki nzima. Jumapili kisiwa cha Misali. Jumatatu msitu wa Ngezi, ufukwe wa Vumawimbi na mnara wa taa wa Kigomasha. Jumanne Wete na Mtambwe Mkuu. Jumatano asubuhi Pujini, jioni Kengeja kumpeleka mama kwa watu wake. Alkhamisi Ras Mkumbuu. Ijumaa Tumbe na kisiwa cha Kojani. Jumamosi tunarudi. Baba watoto kaitazama ramani akasema kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 70 kwa urefu, kila kitu kiko karibu, tutaenda na kurudi bila shida.

Kwenye karatasi inakubali, lakini moyo wangu hautulii. Naomba wanaoijua Pemba waniambie mambo matatu: gari kwenye meli inakuwaje, njia za kule Noah inazimudu, na je, mama wa miaka sabini na kitu ataiweza ratiba hii? Shukran.

Dereva wa Mtambile

Waalaykum salaam dada yangu. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo ya kupeleka watu, kwa hiyo nitakwambia ninavyoona. Gari iacheni Fuoni. Njooni na boti ya mwendo kasi, mama asichoke, na mkodi gari huku huku Mkoani au Chake pamoja na dereva mwenyeji. Ukijumlisha nauli ya gari kwenda na kurudi, nauli zenu nyinyi, na muda wa kungoja bandarini, hamtaona faida kubwa kwa wiki moja. Na dereva mwenyeji anajua njia ipi imeharibiwa na masika. Barabara kubwa za lami ni nzuri, Mkoani kwenda Chake, Chake kwenda Wete, Chake kwenda Konde, Noah inakwenda bila wasiwasi. Ila mkiacha lami kuingia vijijini na pwani, kuna njia ambazo mvua za mwezi wa nne na wa tano huziacha na makorongo, na Noah iko chini. Ya Ras Mkumbuu mimi siingii na gari ndogo.

Jambo la pili, baba watoto aendeshe pole. Barabara zetu zina vilima na kona, si kama za Unguja zilizonyooka. Ukipanda kilima hujui ng'ombe gani kafungwa upande wa pili, au gari ya ng'ombe imebeba majani, au watoto wa skuli wanatembea safu nzima. Karibu kila kijiji kina matuta, na mengine hayana rangi.

Mchuuzi wa Mwanakwerekwe

Mimi namuunga mkono mama Yussuf avushe gari. Mwenye mzee wa magoti anahitaji kiti anachokijua, mlango anaoujua, mto wake mgongoni na maji yake ya moto kwenye chupa. Gari ya kukodi hujui itakuja ipi siku hiyo.

Ya meli nakwambia mimi ninayevuka na mizigo. Boti za mwendo kasi hazibebi gari, kwa hiyo ni lazima muende na meli ya magari, na hiyo ni ya pole. Nafasi ya gari kata mapema sana, maana mwezi huo kila mtu ana watoto. Wana kawaida ya kutaka kadi ya gari, kwa hiyo iwe mkononi. Fika bandari ya Malindi, mjini Unguja, mapema, saa kadhaa kabla, kwa sababu gari hupangwa kwa uzito na urefu na si kwa nani kaja mwanzo. Dereva anaingiza gari peke yake, abiria wengine wanapita mlango wao. Kwa hiyo mshushe bi mkubwa kwanza, apande na wewe taratibu akakae, kisha baba watoto ashughulike na gari. Usimpakie mama garini ukidhani atabaki humo mpaka Mkoani. Hawaruhusu mtu kukaa kwenye gari safari ikishaanza, na ngazi ya kutoka chini kuja juu ni nyembamba na imesimama.

Mkishaliegesha, vuteni breki ya mkono, wekeni gia, na zimeni king'ora cha wizi. Hilo la king'ora watu hawalijui. Meli ikianza kuyumba gari inahisi inatikiswa, italia mpaka betri iishe, na huwezi kushuka kuizima. Vitu vya njiani, dawa za mama, chakula, mablanketi ya watoto, vitoeni kabla ya kupanda.

Mwezi huo ni upepo wa kusi. Mpaka Nungwi mtakuwa mnastahiki kusema bahari shwari. Mkishaipita Ras Nungwi ndipo panapofunguka na mawimbi yanakuja. Watoto wasile sana kabla, kaeni katikati ya meli na si mbele, na tangawizi mbichi ya kutafuna husaidia.

Na la mwisho naomba mlichukue kwa uzito. Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, na ilikuwa imepakia kupita kiasi. Wengi wetu tuna mtu wetu aliyekuwemo. Ukifika bandarini ukaona watu na mizigo imezidi, usione haya, rudi na watoto wako nyumbani. Tiketi itapatikana nyengine. Mkipanda, waonyeshe watoto majaketi ya kuokolea yaliko kabla hamjakaa.

Mwalimu Mstaafu (Wete)

Waalaykum salaam mwanangu. Nimeisoma ratiba yako na nimeona mapenzi uliyonayo kwa mama yako, Mungu akulipe. Lakini ratiba hii umeipanga kwa kilomita, na Pemba haipangwi kwa kilomita. Inapangwa kwa watu, kisha kwa maji ya bahari. Kilomita zinakuja mwisho kabisa.

Nianze na watu. Umemuweka mama Kengeja siku ya Jumatano jioni. Njia ya Mkoani kwenda Chake inapita Mtambile, na hapo hapo Mtambile ndipo njia ya Kengeja inapochepuka. Maana yake siku ya kwanza mama atapita mlangoni kwao, aende kulala hotelini Chake, na kwao arudi siku ya nne. Kengeja watakuwa wamejua kabla gari haijafika Chake. Hakuna atakayekwambia kitu, lakini mama ataulizwa, na yeye ndiye atakayepata uzito wa kujibu. Mpeleke Kengeja siku ile ile mnaposhuka. Na usimpeleke jioni moja ukamuondoa. Mtu aliyekaa miaka hajaonana na nduguze, jioni ya kwanza ni ya kulia na kutaja waliokufa. Siku ya pili ndiyo ya kutembezwa nyumba kwa nyumba na makaburini kwa wazazi. Ya tatu sasa ndipo anapokaa akazungumza. Mpe usiku tatu. Magoti yake yatashukuru pia, kwa sababu hatapanda wala kushuka garini mara kumi kwa siku.

Nyinyi na watoto mkitaka kutembea siku hizo, Kengeja si mbali na chochote cha kusini. Pujini mnaweza kwenda asubuhi mkarudi mchana. Ni magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani, ukuta wa udongo na mawe uliobaki unaonyesha ukubwa wake. Waonyeshe watoto kile kisima. Wazee wanasimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopatana, akakigawa kisima kwa ukuta ili mmoja ateke upande huu na mwenzake upande ule bila kuonana. Lakini hadithi hiyo usiwasimulie wewe. Mwombe mama awasimulie usiku wa kuamkia safari, kwa namna alivyoisikia yeye, watoto wakienda kesho yake watakitafuta kisima wenyewe.

Sasa maji. Umeandika Misali Jumapili na Mtambwe Mkuu Jumanne bila kutazama mwezi uko wapi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu maji hutoka sana kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume, hiyo saa nne maji yako juu, na hayasogei sana. Kwenda Misali mnapandia Wesha, karibu na Chake. Mkienda siku ya bamvua saa nne, mtatembea na watoto juu ya miamba na matope kuifuata boti, na kule Misali mtashukia mbali. Siku ya maji mafu boti inasogea karibu, na matumbawe mnayaogelea muda mnaotaka. Tokeni asubuhi na mapema, maana kusi huchafuka mchana. Misali ni eneo la hifadhi tangu 1998, kuna kiingilio, na hakuna duka, chukueni maji na chakula. Ras Mkumbuu iungeni safari hiyo hiyo kwa boti. Lile gofu la msikiti na makaburi ya nguzo yako ncha ya rasi, kwa bahari mnafika vizuri, na gari yenu inasalimika. Dereva wa Mtambile kasema kweli juu ya njia ile.

Mtambwe Mkuu ni kinyume chake. Hapo mnataka bamvua, maji yakishatoka, muvuke kwa miguu kupita mikokoni. Wekeni viatu vya plastiki vya kufunga, kandambili zitabaki kwenye matope. Mkifika hamtaona majengo makubwa. Waambieni watoto kwamba hapo mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo kama ukucha wa kidole, nyingi zina majina ya watawala wa pwani yetu wenyewe, za karne nyingi kabla Mreno hajafika. Mimi nimewapeleka wanafunzi wangu pale, na mtoto akisimama juu ya mchanga ule akaambiwa babu zake walikuwa wakipiga sarafu zao, anasimama vyengine.

Kwa hiyo tazameni kalenda ya mwezi kwanza, ndipo mujue Misali inakuja mwanzo wa wiki au mwisho. Ukinitajia tarehe zenu nitakusaidia kupanga.

Mkitoka Chake kuja kwetu Wete, piteni njia ya zamani, muingie Kidike alasiri. Wale popo wakubwa hawapatikani pengine duniani ila Pemba. Tulipokuwa vijana watu waliwawinda kwa nyama, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikaribia kwisha. Wanavijiji wenyewe ndio waliounda vikundi vya kuwalinda. Mama anaweza kuwaona bila kutembea sana, wananing'inia mitini kwa mamia, wekundu kama kutu mabegani, wakigombana na kujipepea kwa mbawa. Likikaribia jua kutua wanaanza kuruka mmoja mmoja.

Kojani iondoe mwaka huu. Na Ijumaa usipange safari ya mchana. Saa sita vijiji vyote viko msikitini, baba watoto na yeye atataka kuswali bila haraka.

Mama Yussuf (Fuoni)

Mwalimu, shikamoo. Nimemsomea mama maneno yako. Kanyamaza, kisha akasema, "Huyo ndiye anayetujua." Akanitajia nyumba ya kufikia, kwa mtoto wa dada yake, na tayari tumempigia simu. Kwa hiyo Kengeja mwanzo, usiku tatu, limekwisha hilo.

Gari tunavusha. Dereva wa Mtambile nakushukuru kwa ukweli wako, na siku ya Misali tutakutafuta utuchukue mpaka Wesha, Noah ibaki na mama endapo atataka kupelekwa pahala.

Tarehe zetu, tukishuka Mkoani mwezi wa angani utakuwa wa ishirini au ishirini na moja. Halafu, kaskazini kule Vumawimbi tukienda na watoto, tunapata chakula? Na mama kaniuliza kama tutaweza kurudi na karafuu kidogo za shamba la babu yake.

Bint Konde

Karibuni kwetu kaskazini. Vumawimbi hakuna kitu cha kununua, nyie nendeni mmejiandaa. Piteni Konde asubuhi, nunueni maji, mikate na matunda, au bora zaidi piteni Tumbe kwanza. Mnada wa samaki wa Tumbe ni asubuhi, madau yakiingia. Utapata samaki walio hai bado, na kina mama pale pale watakukaangia ukiwaomba kwa adabu na ukalipa. Mwalimu alisema uondoe Kojani, mimi nasema Tumbe usiiondoe. Weka siku moja na Ngezi, zote ziko upande mmoja.

Ukitoka Konde unaingia msitu wa Ngezi, lipeni kiingilio pale getini na chukueni mtembezaji, vijana wale wanazijua ndege na miti. Mama asiyeweza kutembea hana hasara, kwa sababu barabara inapita katikati ya msitu. Fungueni vioo. Kutoka jua kali la Konde ukaingia kwenye kivuli kile, utasikia baridi mikononi na harufu ya majani yaliyooza, na sauti za ndege juu. Simamisheni gari, zimeni injini, mama asikilize. Mnara wa Kigomasha waachieni watoto na baba yao, ngazi zake si za magoti. Wewe na mama kaeni Vumawimbi chini ya mvinje, mkeka uwe wenu.

Mafuta jazeni Chake kabla ya kuja huku. Hewa ya mipira itazameni hapo hapo, na spea iwe nzima.

Karafuu sasa. Mwambie bi mkubwa asibebe. Karafuu hununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuisafirisha kunataka kibali. Bandarini wanakagua kwa sababu ya magendo, na gari yenye polo la karafuu litakuwa jambo kubwa hata kama nia ni zawadi. Mwezi wa saba ndio msimu unaanza, mkibahatika mtakuta zimeanikwa kwenye majamvi kandokando ya barabara, za kijani na nyekundu, na baba watoto awe macho zaidi, asijitupe pembeni ya barabara kupisha gari akazikanyaga karafuu, nguvu ya mwenzake. Mama aende shambani asubuhi wakati wa kuchuma, akae na wenzake jioni kwenye kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu. Hilo hakuna kibali kinachotakiwa.

Mwalimu Mstaafu (Wete)

Marahaba mwanangu. Mwezi wa ishirini na moja mnaposhuka, basi maji mafu yatakuwa siku zile zile za mwanzo mkiwa Kengeja. Misali muende siku ya pili au ya tatu, nyinyi na watoto tu, mama abaki na nduguze. Kutoka Kengeja mpaka Wesha muondoke baada ya swala ya alfajiri. Mwezi utaandama siku moja au mbili baada ya siku mliyopanga kurudi, na bamvua inashika vizuri siku moja au mbili baada yake. Mkiweza kuongeza siku tatu au nne, Mtambwe Mkuu iwe siku yenu ya mwisho Wete, mulale kwetu, nyumba ina nafasi na chumba cha chini hakina ngazi. Kama haiwezekani kuongeza, Mtambwe iacheni, msiilazimishe maji yakiwa juu.

Tiketi ya gari ya kurudi msikate mpaka mama ameulizwa.